UZI: Anayetaka kufanya kazi ya usalama wa dunia kupitia mazingira, pitia safari ya Pekka Haavisto

Maji_na_Mipaka:

Wakuu heri ya jioni.

Kila msimu wa maombi ya vyuo vijana wanakuja humu kuuliza kama kozi ya mazingira ina ajira au ni ya kupanda miti tu, na wa uhusiano wa kimataifa nao wanaambiwa wataishia kukaa nyumbani na vyeti. Mimi nimesomea maji, na hii fani ya usalama na mazingira naifuatilia muda mrefu sasa, na inaniuma nikiona watu wanavitenganisha hivi vitu viwili wakati duniani kuna watu wamejenga maisha yao yote pale pale vita na mazingira vinapokutana. Badala ya kurundika majina nimechukua mtu mmoja nimchambue vizuri. Ni Mfini, anaitwa Pekka Haavisto, na sehemu kubwa ya kazi yake imegusa Afrika, kwa hiyo usiseme ni habari za wazungu huko kwao.

Kazaliwa Helsinki mwaka 1958. Chama cha Kijani cha Finland kina mizizi kwenye fujo za Koijärvi mwaka 1979, ziwa dogo la ndege ambalo watu walitaka kulikausha na vijana wakaenda kulizuia kwa miili yao. Haavisto akaingia bungeni mwaka 1987, akawa mwenyekiti wa chama 1993, na Wakijani walipoingia serikalini kwa mara ya kwanza mwaka 1995 yeye ndiye aliyepewa wizara ya mazingira, ana miaka 37. Mpaka hapo ni mwanasiasa wa kawaida tu wa mazingira, hakuna cha usalama.

Kilichombadilisha ni vita ya Kosovo, wakati huo jimbo la Serbia ndani ya Yugoslavia. Muungano wa kijeshi wa NATO ulianza kupiga Yugoslavia kwa ndege tarehe 24 Machi 1999 na ukaendelea siku 78. Sasa kuna mji unaitwa Pančevo, kilomita kama 20 tu kutoka Belgrade, umebeba kiwanda cha kusafisha mafuta, kiwanda cha mbolea na kiwanda cha kemikali za plastiki vyote vimekaa pamoja. Katikati ya Aprili vikapigwa. Zaidi ya tani 2,000 za kemikali inaitwa EDC, ya kutengenezea plastiki, zikamwagika, nyingine ikaingia kwenye udongo na nyingine kwenye mfereji wa majitaka unaoingia mto Danube, zebaki ikamwagika kwa tani, na moshi wa kemikali za plastiki ukapanda juu ya mji wenye watu. Mto Danube haukai nchi moja, ukitoka hapo unaenda Romania na Bulgaria, watu wanavua, wanamwagilia, wanakunywa. Kwa hiyo Serbia ikasema haya ni maangamizi ya mazingira, NATO ikasema tumepiga shabaha za kijeshi, na majirani waliokuwa mtoni kwa chini hawajui wamwamini nani.

Mwezi Mei 1999 UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao Gigiri Nairobi, likiwa chini ya Klaus Töpfer wakati huo, likaunda kikosi kazi cha Balkan, na Haavisto aliyekuwa ndo katoka tu uwaziri akapewa kukiongoza. Wataalam wakaenda na maabara za kubeba, wakachukua sampuli za maji, udongo, hewa na tope la mtoni. Ripoti ikatoka Oktoba mwaka huo huo, na hapa ndipo naomba msome taratibu kwa sababu ndo moyo wa uzi wangu.

Ripoti ilisema hakuna maangamizi ya mazingira yaliyolikumba eneo zima la Balkan. Hapo Serbia haikufurahi. Halafu ikasema kuna sehemu nne, yaani Pančevo, Kragujevac, Novi Sad na Bor, ambako uchafuzi ni mbaya na afya za watu ziko hatarini, isafishwe haraka hata kama nchi iko kwenye vikwazo. Hapo na wapigaji mabomu hawakufurahi. Na ikaongeza kwamba sehemu ya huo uchafu ulikuwepo kabla ya vita, viwanda vilikuwa vinamwaga tangu zamani. Hakuna upande uliopata ulichokitaka, lakini hakuna upande ulioweza kusema namba ni za uongo, na usafishaji kwenye hizo sehemu nne ukafanyika kweli na ukaendelea mpaka 2004. Mtaalam wa usalama anayekuja na maneno matupu anapingwa na maneno mengine, ila anayekuja na chupa ya maji iliyopimwa kwenye maabara tatu tofauti lazima wamsikilize.

Naendelea chini, nipeni dakika.

Maji_na_Mipaka:

Sehemu ya pili, risasi za urani.

Hii ni ile urani hafifu inayobaki baada ya kurutubisha, ni chuma kizito sana kinapenya vifaru. NATO ilithibitisha kwa katibu mkuu Kofi Annan mwanzoni mwa 2000 kwamba ndege zake zilifyatua risasi kama 31,000 za aina hiyo Kosovo, lakini ramani ya zilipopigwa ikaja Julai. Muda wote huo watoto wanachunga ng'ombe humo humo. Novemba 2000 timu ya Haavisto ikaingia maeneo 11. Kazi yenyewe ilivyo: mnatembea kwenye mstari mmoja, kila mtu kashika kipimo cha mionzi karibu na ardhi, mnasikiliza mlio, na hamwezi kutoka nje ya njia iliyosafishwa kwa sababu kuna mabomu ya kutegwa ardhini na ya kudondoshwa ambayo hayajalipuka. Mkipata mlio mnachimba kidogo, unakuta kipande cheusi chenye urefu wa kidole na uzito wa kama gramu 300, kimekaa hapo zaidi ya mwaka. Mnachukua udongo wa pembeni, maji ya kisima cha karibu, majani, hata maziwa ya ng'ombe wa pale.

Wakati sampuli ziko maabara, Januari 2001 magazeti ya Ulaya yakalipuka na habari za askari wa Italia waliorudi kutoka Balkan wana saratani ya damu. Kila mtu alitaka jibu siku hiyo hiyo. Walisubiri mpaka Machi, na jibu likawa uchafuzi haujasambaa, uko karibu karibu na pale risasi ilipo, hatari ni ndogo lakini hayo maeneo yawekewe alama, vipande viokotwe na maji yaendelee kupimwa. Wengi waliona jibu limepooza. Oktoba 2002 wakaenda Bosnia ambako risasi kama hizo zilipigwa mwaka 1994 na 1995, na kwenye eneo moja la Hadžići wakakuta urani imefika kwenye maji ya kisima, kwa kiwango kidogo sana lakini imefika. Kwa hiyo lile pendekezo la kuendelea kupima maji halikuwa urembo wa ripoti.

Baada ya hapo hicho kikosi kikawa kitengo cha kudumu cha UNEP kwa nchi zilizotoka vitani, Haavisto akakiongoza mpaka 2005. Afghanistan, Iraq, Liberia, na hata maeneo ya Wapalestina ambako Waisraeli na Wapalestina wote walitoa ushirikiano kwa sababu maji ya chini ya ardhi hayaulizi pasipoti.

NgaraMjini:

Mkuu asante kwa shule, hii ndo sababu nabaki humu. Ila umeenda mbali mpaka Kosovo wakati sisi wa Ngara tuliyaona mlangoni. Aprili 1994 walivuka daraja la Rusumo wakimbizi wa Rwanda kama 250,000 ndani ya saa 24, kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa ghafla. Wote hao wanapika kwa kuni. Vilima vilivyokuwa na miti vikabaki vipara ndani ya miezi michache, wanawake wa kijijini wakawa wanaenda mbali zaidi kutafuta kuni, wanakutana huko porini na wakimbizi nao wanatafuta kuni, ugomvi unaanzia hapo, siyo kwenye siasa. Hivi hao wataalam walikuwepo?

Maji_na_Mipaka:

Kaka umegusa penyewe kabisa. Mwaka 1994 hicho kitengo hakijazaliwa, na mashirika ya wakimbizi yalikuwa yanahesabu unga, mahema na dawa, kuni ikaja kuhesabiwa baadaye sana. Ngara na Goma ni kati ya sehemu zilizowafundisha kwamba kambi ukiiweka bila kupiga hesabu ya kuni na maji unaandaa ugomvi mwingine kati ya wenyeji na wageni. Sasa hivi kupanga eneo la kambi kuna mtu wa mazingira mezani, majiko banifu yanagawiwa, na hiyo ni kazi ya kulipwa ambayo kijana wa Ngara anaijua kuliko aliyesomea Geneva.

Makala_Goma:

Bandugu, mimi niko Goma. Ile 1994 wakimbizi walikata miti ya Virunga kila siku, hiyo ilijulikana dunia nzima. Lakini mpaka leo makala, ninyi munaita mkaa, ndiyo inapikia mji, na hiyo biashara ya makala ya parki imelisha watu wenye bunduki miaka mingi. Wanakuja wageni wanaongea coltan, coltan, dhahabu. Ni kweli iko. Lakini gunia la makala linapita kwenye kizuizi kila siku na linalipiwa kila siku. Mutu wa usalama asiyejua bei ya makala Goma hajui vita ya huku.

Maji_na_Mipaka:

Ndugu yangu wa Goma, hiyo sentensi yako ya mwisho waandike ukutani pale New York. Hujaongeza chumvi hata kidogo.

Dada_Sera:

Shikamooni wakubwa. Nimesoma yote. Swali langu, Haavisto alitokaje kwenye kupima udongo mpaka kuwa mtu wa usalama wa kweli? Maana huku tunaambiwa mtu wa mazingira anaitwa kwenye mkutano kufungua na sala na kupanda mti.

Maji_na_Mipaka:

Marahaba dada. Hapa ndo Afrika inaingia, na Mtanzania yumo.

Julai 2005 Umoja wa Ulaya ulimteua Haavisto kuwa mwakilishi wake maalum Sudan, akakaa mpaka 2007. Darfur, magharibi mwa Sudan, ilikuwa inaungua kwa vita ya waasi na serikali. Mazungumzo yalikuwa Abuja chini ya Umoja wa Afrika, na msuluhishi mkuu alikuwa mzee wetu Dk. Salim Ahmed Salim, yule yule aliyeongoza OAU kuanzia 1989 mpaka 2001. Umoja wa Ulaya ulikuwa kati ya waliosindikiza mazungumzo. Mkataba ukasainiwa tarehe 5 Mei 2006, lakini kwa upande wa waasi ni kundi la Minni Minnawi tu lililosaini, kiongozi mwingine wa waasi Abdel Wahid akagoma, kundi la JEM nao wakagoma. Mkataba haukuleta amani, na ukichimba kwa nini, siyo tu ubishi wa viongozi.

Angalia Darfur ilivyokuwa. Kuna wakulima na kuna wafugaji, na mapito ya mifugo yalikuwa yanajulikana, ngamia wakishuka kusini baada ya mavuno wanakula mabua, wanaacha samadi, wanaondoka. Ardhi iligawanywa kimila, kila kabila na eneo lake, lakini baadhi ya wafugaji wa ngamia wa kaskazini hawakuwa na eneo lao, wao maisha yao ni mapito. Ukaja ukame wa miaka ya 1970 na ule mbaya wa 1984. Mifugo ikashuka mapema kabla ya mavuno, wakulima wakaanza kuzungushia miiba mashamba na kuziba mapito. Utafiti wa UNEP wa Sudan uliotoka 2007 ulisema mpaka wa jangwa umesogea kusini kati ya kilomita 50 na 200 tangu miaka ya 1930. Kwa hiyo unapokaa na waasi na serikali unagawa vyeo vya Khartoum, na hujagusa nani atapita wapi na ng'ombe wake mwezi wa kumi na moja, umesaini karatasi. Mtu aliyetoka kwenye miaka sita ya kupima visima baada ya vita analiona hilo haraka kuliko mwanadiplomasia aliyekulia kwenye itifaki.

Mzee_wa_Lugalo:

Nimetumikia jeshi na nimelinda amani nje, naomba nikupinge kidogo kijana wangu. Hii hoja ya kwamba Darfur ni ukame ni hatari. Ban Ki-moon aliandika kitu kama hicho 2007 na watu wa Sudan wakakasirika, kwa sababu ukame haukuwapa wale wanamgambo wa janjaweed silaha. Ni serikali ndiyo iliyowapa, na ndege zilizopiga vijiji hazikurushwa na jangwa. Ukisema ni hali ya hewa, mwenye hatia anaenda kulala.

Maji_na_Mipaka:

Mzee shikamoo, na nakubaliana na wewe kwa moyo wote kwenye hilo la hatia. Ukame ulikuwepo nchi nyingi za Sahel na hazikuchoma vijiji vile. Aliyegawa silaha ndiye aliyeua, hilo halina mjadala.

Ninachosimamia mimi ni kwamba aliyegawa silaha alijua pa kuzigawa. Alienda kwa watu wasio na eneo, waliofungiwa mapito, akawaambia chukueni. Usipolishughulikia lile la ardhi na maji, atakayekuja kesho na silaha atawakuta watu wale wale pale pale. Mtaalam mzuri wa hii fani anabeba vyote viwili bila kimoja kumfichia kingine, na ndo maana ni kazi ngumu na inahitaji watu waliokomaa kama nyie mliokaa fildi.

Mzee_wa_Lugalo:

Marahaba. Hapo nimekuelewa. Hata sisi kazini, kijiji kikiwa na kisima kimoja doria yako inaanza na kisima.

Kijana_wa_Mbezi:

Sawa lakini huyo jamaa mwisho wake ni upi? Maana mtu wa Kijani, mpenda amani, na Finland si ndo hao wameingia NATO?

Maji_na_Mipaka:

Swali zuri na wengi hawalijui hili. Baada ya Sudan akarudi bungeni 2007, akaendelea kutumwa na wizara yao kwenye mambo ya Afrika, akawa waziri wa maendeleo ya kimataifa 2013 mpaka 2014, halafu 2019 mpaka 2023 akawa waziri wa mambo ya nje. Urusi ilipovamia Ukraine Februari 2022, Finland ina mpaka na Urusi wa kilomita zaidi ya 1,300, na saini kwenye barua ya kuomba kujiunga NATO Mei 2022 ni ya kwake. Tarehe 4 Aprili 2023 wakaingia rasmi. Yaani mtu yule yule aliyetumia mwaka 2000 kuhesabu risasi za NATO kwenye udongo wa Kosovo ndiye aliyepeleka nchi yake NATO. Wapo wanaoona amegeuka. Mimi sioni hivyo. Hakuwahi kuwa mtu wa kusema jeshi ni baya au zuri, alikuwa mtu wa kwenda kuangalia kilichopo, na 2022 kilichokuwepo mpakani kwao kilikuwa wazi. Amegombea urais mara tatu, 2012, 2018 na 2024, na hiyo ya mwisho alipata asilimia 48.4 dhidi ya 51.6 za Alexander Stubb. Alikosa padogo sana.

Na msidhani ni Wafini tu. Marekani wizara ya ulinzi ilikuwa na cheo cha usalama wa mazingira tangu 1993 na aliyekishika kwanza ni mwanamke, Sherri Goodman. Baadaye alikusanya majenerali na maadmirali wastaafu, mwaka 2007 wakatoa ripoti ikisema mabadiliko ya tabianchi yanazidisha vitisho ambavyo tayari vipo. Mwaka huo huo wa 2007, mwezi Aprili, ndo Baraza la Usalama lilijadili tabianchi kwa mara ya kwanza. Desemba 2021 Niger na Ireland wakaleta azimio la kuiweka rasmi kwenye kazi za Baraza, likapata kura 12, Kenya ikiwemo maana ilikuwa mjumbe, Urusi ikapiga turufu. Kwa hiyo meza ipo na ugomvi upo, wanaokosekana ni watu wetu wenye nondo za kukaa pale.

Dada_Sera:

Basi sasa tuelekeze. Mimi nina shahada ya mazingira, niko Morogoro, sina mjomba UN. Naanzia wapi?

NgaraMjini:

Na mimi nakaa hapa hapa nasubiri jibu.

Maji_na_Mipaka:

Dada Sera, acha kuangalia New York kwanza. Hii kazi kwetu iko kwenye mabonde ya maji, na mabonde yetu mengi yana mipaka ya nchi ndani yake.

Mpango wa Bonde la Nile ulizinduliwa Dar es Salaam Februari 1999, ofisi yake iko Entebbe. Mkataba wake wa ushirikiano umeanza kutumika Oktoba 2024 baada ya miaka mingi ya mvutano, na Misri na Sudan hawamo. Sasa hiyo ni ishu ya usalama kabisa, na Tanzania ina msimamo wake tangu Mwalimu alivyokataa mikataba ya mkoloni ya Nile mwanzoni mwa miaka ya 60. Nenda kausome ule msimamo mpaka uweze kuueleza bila karatasi, ni mtaji. Kisumu kuna Kamisheni ya Bonde la Ziwa Viktoria, Bujumbura kuna Mamlaka ya Ziwa Tanganyika. IGAD, umoja wa nchi za Pembe ya Afrika na majirani zake, wana kitengo cha kutoa tahadhari ya mapema ya migogoro, CEWARN, kilianza na wafugaji wa mipakani kama kule Karamoja, Uganda. Hapo nyumbani bodi za maji za mabonde zinashughulika kila siku na wakulima na wafugaji, na wewe uko Morogoro, Kilosa iko mlangoni kwako, unajua yaliyotokea Kilosa kati ya wakulima na wafugaji. Hiyo ndo Darfur kwa kipimo chake.

Vitu vya kujifunza: ramani za kompyuta na picha za satelaiti, maana programu kama QGIS ni ya bure. Kupima maji kwa mikono yako siyo kusoma kuhusu kupima maji. Sheria ya maji na ardhi, hata kozi fupi. Kifaransa kama unaweza, maana Kongo na Burundi ndo majirani wa maziwa yetu, na Kiswahili chako hicho usikidharau, ukikaa Uvira au Kalemie utaongea na mvuvi bila mkalimani. Halafu andika. Ripoti fupi za kurasa mbili zenye namba, nani anagombana na nani, juu ya maji gani, mwezi gani. Peleka kwenye bodi ya bonde, peleka kwa mkuu wa wilaya, weka nakala. Mtu akija kutafuta msaidizi wa utafiti anatafuta mwenye vitu kama hivyo.

Dada_Sera:

Kilosa naijua, shangazi yangu yuko Rudewa. Nitaanza na mapito ya mifugo ya huko, niyachore yalivyokuwa zamani na yalivyo leo, wazee wapo wanayakumbuka.

Maji_na_Mipaka:

Anza na wazee wa pande zote mbili dada, wafugaji na wakulima, na usichore na upande mmoja ukiwa haupo. Ukipata ramani ya kwanza ilete hapa, mzee wa Lugalo ataipitia na sisi wengine tutaikosoa. Makala_Goma, nawe kama una namna ya kutuandikia bei za makala za huko mwezi kwa mwezi, fungua uzi wako, mimi nitakuwa wa kwanza kusoma.

Makala_Goma:

Nitafungua. Juma hili niko Sake, nikirudi mjini naweka ya kwanza.